Makonyo

Usiku wa hukumu tulichambua karafuu ukumbini kwa Bi Raya,
wanawake saba, majamvi mawili,
na taa ya sola tuliyoipa jina la Mgonjwa.
Konyo huku, karafuu huku.
Vidole vinajua njia, ndimi zina nafasi.

"Kapiga miayo," Mkasi alisema.
"Hakimu anasoma miaka saba, yeye kafumbua kinywa
mpaka nikaliona gego la mwisho.
Mtu hajaiba, atapiga miayo?"

"Kwani aliyeiba ndiye mwenye usingizi?" Zuhura akamrudi.
"Mwizi hulia, mwanangu. Mwizi hushika miguu ya watu,
husema shetani kanipitia.
Yule hakuomba radhi. Aombe ya nini?"

"Hakuomba kwa kiburi."

"Hakuomba kwa kuwa hana deni."

"Jicho kavu vile!"

"Kisima kilichotekwa usiku kucha, asubuhi utakikuta na nini?"

Bi Raya hakwenda Wete, mguu ulimuuma,
lakini yeye ndiye aliyeona zaidi.
"Nimeambiwa kashuka garini na pingu zake, akatengeneza kola."

"Kola ndiyo inasema nini?"

"Inasema anajali kutazamwa."

Inasema mama yetu alikuwa akitusimamisha mlangoni
kila asubuhi ya skuli, mate kwenye kidole gumba,
na hatoki mtu kola imekaa upande.
Sikulisema hilo.
Nilikuwa nachambua.

Hakuna aliyeniuliza. Waliniangalia mikono.
Nikienda polepole: moyo umemwingia uzito, anajua.
Nikienda mbio: anaficha, anajua.
Nikajaribu kuchambua kama anavyochambua
mtu asiye na kaka.
Sikujua anavyochambua.

Mimi nilivunja kioo cha Baba cha kunyolea.
Akapigwa Shaame. Miaka saba alikuwa nayo wakati huo pia,
na kwa kila fimbo alipiga miayo, mirefu, kama paka wa jikoni.
Tena alipokula kweli senti za chuoni,
zile za mafuta ya taa ya mwalimu,
alisimamishwa mbele ya wenzake, akaulizwa,
akapiga miayo.
Ule ule. Gego lile lile.
Na Baba alipotiwa kaburini, Shaame alifumbua kinywa juu ya mwanandani
mpaka ami zetu wakamvuta pembeni kwa aibu.

Miaka thelathini nausoma mwayo huo
na bado sijajua umeandikwa kwa hati gani.
Mkasi kausoma mara moja,
kutoka benchi la tatu, nyuma ya mtu mwenye kofia.

Ndipo Mtumwa, ambaye hata harusini hasemi,
akauliza bila ya kuinua kichwa:
"Yale magunia ya ghala la Shirika, yalipatikana?"

Konyo huku. Karafuu huku.
Mgonjwa akapepesa.

"Hiyo kazi ya polisi," Mkasi akasema,
akarudi kwenye gego.

Tulipopima pishi zetu ilikuwa saa sita.
Nyumbani niliosha mikono kwa ndimu, kwa sabuni, kwa majivu.
Harufu ikabaki.
Karafuu ya halali na ya wizi hazina harufu mbili;
ungekuwa upo mkono unaojitangaza wenyewe
hakimu angepewa pua, si kalamu.
Kaka yangu ameiba? Nimelala na swali hilo kitanda kimoja
tangu mwezi wa Rajabu, na kila mara ninapogeuka
nalo linageuka.

Alfajiri nilisimama langoni kwa Chuo cha Mafunzo
na kopo la uji wa pilipili manga.
Askari kijana, daftari mkononi:
"Nani wako?"

Nikafungua kinywa nimjibu
ukatoka mwayo.

Akaniangalia
sana.