Mkono Usiodunda

Mimi ni fundi pampu. Mabogini yote wananijua,
kuanzia majaruba ya mpunga hadi visima vya Kahe.
Valvu nimebadilisha zisizo na hesabu,
nyingine nimezikata kwenye tairi la trekta.
Ya Anandumi hawakunipa mimi.

Ilianza kumwozea utotoni, koo lilipomuuma
na bibi yake akamtuliza kwa asali.
Walimpasua Jumanne. Valvu mpya ikakaa,
ila moyo wenyewe ukagoma kuwaka.

Sasa upo mtambo kando ya kitanda,
bomba moja linatoa, bomba moja linarudisha,
na mimi, niliyeuza injini yangu ya dizeli
ili huu usizimwe,
nimekaa nausikiliza, kichwa nimekiinamisha
kama ninavyosikiliza za wateja.
Hauna kikohozi. Haunyonyi hewa.
Nani alikukaza nati, ndugu yangu?

Nilimshika mkono: una joto, haudundi.
Nikapiga kelele. Sista Rogathe akaja mbio,
akacheka kidogo, akaacha.
"Baba, hii haipigi. Hii inatiririka."
Nikakumbuka mfereji wa babu kule Kibosho,
usiodunda, unaoshuka tu usiku kucha
migombani mwa jirani, hadi zamu yetu ifike.

Saa nane umeme ulikatika.
Mtambo ukaendelea kwa betri yake;
mimi ndiye niliyezimika.
Kisha jenereta likanguruma kule nyuma,
nozeli moja chafu. Asubuhi nilimwambia mlinzi.

Dakta Mrutu hasemi atapona.
Anasema, "Pampu haitibu, inamshikia nafasi,"
na leo ameanza kupunguza:
lita nne, tatu, mbili unusu.
Mimi nikipunguza moto shambani
maji hurudi kisimani,
mwenye shamba akabaki na mpira mtupu.
Sikumwambia hilo.

Lita mbili. Dirishani Kibo imejifunika.
Nimemshika kifundo cha mkono kwa dole gumba
na kitu kimegonga. Kimekawia. Kimegonga tena,
kama injini iliyolala masika yote.
Nataka kumwita Sista,
lakini nimewasha pampu nyingi mno, sikurupuki:
dole gumba nalo lina mapigo yake.

Nabadilisha kidole.