Kokoto

Kanuni mpya ilifika ofisini Jumatatu,
kurasa mia na kumi na mbili, bado zinanuka wino.
Jumatano nikaipakata juu ya bodaboda
hadi kituo cha kupozea umeme, nyuma ya Mabatini,
majabali yanapokaribia kugusana
na nyumba zimeyapanda kama mbuzi.

Luhende alinifungulia lango. Miaka ishirini na mitatu
anazisikiliza transfoma mbili zikivuma usiku kucha;
anasema ile ya kushoto ina kifua.
"Umeleta kitabu kingine," akasema.
Nikamwambia hiki kina meno.

Tukaanza na ukuta unaozitenga:
wa matofali, unakomea mabegani.
Kanuni inataka wa zege, uzipite kimo,
usimame saa mbili motoni
bila kumpa jirani hata joto la habari.
Nikaandika.
Ndoo za mchanga: tatu. Moja imeota mpapai.
Nikaandika hilo pia.
Bomba la kunyunyizia limepakwa rangi nyekundu, nzuri sana,
na halijaunganishwa na chochote,
ilhali ziwa lile pale chini, limelala na maji yake yote.
Wadudu wa ziwani wameganda kwenye vikombe vya kaure;
Luhende huwafagia asubuhi kama pumba.

Kisha nikachomeka rula kwenye kokoto.

Niwaeleze wasiojua. Transfoma ina mafuta tumboni,
lita elfu kumi na nane, ile ya kushoto.
Siku tumbo likipasuka hutoka yakiwaka,
na chini yake panatakiwa kokoto, kina cha sentimita thelathini:
mafuta yazame kati ya mawe,
moto uyafuate,
mawe yaunyime pumzi.
Kokoto hazina kazi nyingine. Ni koo tu.

Rula ilizama sentimita sita, ikagonga sakafu.

"Zimekwenda wapi?"
Luhende akainua macho kwenye zile nyumba,
akajibu kama mtu anayehesabu wafu wa ukoo:
karai mbili, msingi wa Ng'wandu fundi baiskeli;
karai nne, choo cha chekechea, hizo hata yeye alisaidia kubeba;
toroli zima, enzi ya mlinzi aliyehamia Sengerema;
nyingine, akasema, zilikwenda tu.
Hakuna aliyeiba kituo. Kila mtu aliiba karai.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa,
hatukuulizwa kinachopungua ni cha nani.

Mawe yenyewe si ya huku. Ya kwetu ni ya kijivu,
yana chembe zinazometa.
Haya meusi, na yakilowa hutoa ubluu kama shingo ya njiwa;
yaliletwa kwa treni, mabehewa mawili.
Nikatia moja mfukoni, la ushahidi.

Nyumbani, ng'ambo ya reli, mvua ya jioni ilikuwa imepita.
Kizingiti changu kimelowa.
Miaka kumi na mmoja nakivuka, nakifagia,
namkalisha Sayi hapo nikimsuka.
Nikachuchumaa, jiwe kiganjani.
Meusi. Ubluu.
Mume wangu akauliza nimedondosha nini.
Ni baba yake, marehemu, aliyemwaga zege lile kwa mkono wake,
akajisifu mpaka kanisani kwamba kokoto alizipata kwa bei ya chai.

Usiku nikafungua fomu.
Ukuta: haufai. Bomba: haliko.
Kokoto: pungufu, sentimita ishirini na nne.
Chini kuna mstari, "Zilipoonekana".
Nikaandika chekechea. Nikaandika Ng'wandu.
Kalamu ikasimama,
na upepo ulipotulia nikaisikia kwa mbali,
ile yenye kifua.
Nikaandika: nyumba ya mkaguzi, mlango wa mbele, kadiri ya karai moja.
Nikaifuta ile "kadiri".

Asubuhi Sayi akacheka,
akataka kujua kwa nini mama anaruka.