Mashavu ya Chipu

Baba alipuliza kwa mdomo.
Bomba la shaba, koroboi, makaa ya vifuu,
na mashavu mawili yaliyojua
lini fedha yataka kulainika na lini yataka kukimbia.
Mita hakuwa nayo.

Mimi nina pumu.
Nina duka la futi sita huku Langoni,
betri ya gari, sola moja juu ya bati,
na ndoo yenye sahani kumi na tatu za chuma cha pua
nilizokata kutoka sinki la hoteli iliyovunjwa.
Kati ya sahani na sahani, mpira.
Ndani, maji na potasi kidogo.
Tia umeme: maji yaachana.

"Na bahari yote hii," akasema Shekuwe kinyozi,
"wewe wapima maji ya mvua kwa kikombe?"
Nikamwambia atie ya bahari, kisha anuse.
Akatia. Kutwa akakohoa klorini
na kunyoa watu nusu nusu.

Siku ya kwanza niliunga moja kwa moja,
waya kwa waya, kama mtu asiyefunzwa.
Ulimi wa bluu ukatoka kwenye sindano,
mwembamba kama sharubu la paka.
Nikacheka peke yangu.
Robo saa haikwisha.
Maji yakipata moto hula umeme zaidi,
yakila zaidi hupata moto zaidi;
deni la namna hiyo nalijua, nimewahi kulikopa.
Ampea kumi. Kumi na sita. Ishirini na nne.
Ndoo ikalegea kiuno,
ulimi ukavimba mkononi mwangu,
na kipini cha Mwanakheri, alichoachiwa na bibi yake,
kilicholetwa kuungwa ufa mmoja tu,
kikawa tone.
Tone zuri, la mviringo.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.
Alilitia tone kwenye pembe ya leso, akafunga fundo,
akasema, "Baba yako alikuwa akipumua."

Chipu ilitoka Mombasa ndani ya boksi la dawa ya meno,
ndogo kuliko kokwa ya tende.
Nikaandika, nikafuta, nikaandika:
washa, zima, washa, zima,
mara elfu mbili kwa sekunde.
Nilidhani kupunguza ni kubana,
kama unavyobana mpira wa maji kwa kidole. Sivyo.
Umeme ukija huja mzima, volti zake zote kumi na mbili;
kinachopunguzwa ni muda wa kukaa.
Mgeni aingie, aonje, atoke, arudi.
Kihisi kimoja chasoma ampea, kingine joto,
na chipu yauliza bila kuchoka:
zimepita nane? Fupisha ziara.
Digrii hamsini na tano? Funga mlango, hata akibisha.
Transista nimeikalisha juu ya kipande cha sufuria
na ina vuguvugu tu, kama paji la mtoto aliyelala.
Kati ya ndoo na sindano, chupa ya maji,
moto ukitamani kurudi kwao uzame humo.

Mwanakheri alikuja Alhamisi. Hakuketi.
Akasikiliza ule mlio mwembamba wa seli,
kama mbu aliyefungiwa ndani ya bilauri.
"Hiyo ni ngapi?"
"Asilimia thelathini na moja."
"Shusha."
Hajui chipu. Lakini alikulia mlango wa pili na karakana yetu,
na utoto wake wote aliisikia pumzi ya baba ukutani.
Nikashusha. Thelathini. Ishirini na nane.
"Hapo bado kidogo."
Ishirini na saba.
Fedha ikageuka uso,
mara moja, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Kipini si kile. Shina limezidi unene,
naye ameniambia hivyo, na amelipa nusu.

Baba hakuacha namba hata moja.
Hii nimeiandika kwa penseli pembeni mwa dirisha,
mahali alipokuwa akifutia masizi ya kidole:
27.