Jumanne ya Novemba

Keti, Aatu. Kiti hicho hulia, usikijali.
Kilimlilia dada yako, kikamlilia na baba yako
alipokuja Machi, kofia mkononi,
akaniuliza kwa sauti ya mtu aliye benki:
"Mwalimu, miaka hamsini na miwili
ni darasa la ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa kijitabu
kilichochapwa kwenye karatasi ya kiwanda kilekile
kilichomfungia lango.
Aliupapasa ukurasa kwa kidole gumba, hakuusoma.
"Hii ni yetu," akasema. "Mashine ya tatu.
Naijua kwa ukwaruzo wake."

Mji huu ulifundishwa neno moja la kazi,
tukalikariri vizazi vitatu;
siku bomba la moshi lilipokata pumzi
ndipo tukagundua hatuna sentensi ya pili.

Sasa nawe umeniandikia hapa, kwenye fomu,
kwa mwandiko ulioinama kama unaokabili upepo:
*fundi wa meno ya bandia.*
Mama yako kacheka hadi kahawa ikamwagika.
Shangazi yako wa Oulu keshasema kompyuta,
kwa kuwa mtoto wa jirani kanunua gari kwa kompyuta.
Na ubao wangu una picha za vijana wanaotabasamu.
Miaka ishirini hapa, sijakutana hata na mmoja wao.

Sitakwambia ufuate moyo.
Moyo wangu, nikiwa na miaka kumi na tisa,
ulifuata koti. Ndiyo, koti:
mama alininunulia koti la sufu la kuendea chuo cha sheria,
akawaonyesha majirani kabla barua haijajibiwa,
nami sikuwa na uso wa kulirudisha dukani.
Koti nililivua mwaka wa tatu.
Deni lilinivaa kumi na mmoja.

Wala sitakwambia ufuate fedha.
Kiwanda kililipa vizuri kuliko shule hii.
Muulize baba yako.

Nina jambo dogo tu, halifai kuandikwa ukutani.
Nyuma ya duka la matairi yupo mama mmoja, Tuulikki,
anachonga meno tangu kabla hujazaliwa.
Nenda. Usimuulize siku yake bora;
kila kazi ina Ijumaa moja ya kupigia picha.
Muulize Jumanne. Jumanne ya Novemba, saa nne asubuhi:
mikono inanuka nini, mgongo unasemaje,
nani hupiga simu kugomba,
jino gani hurudishwa mara tatu.
Muulize ile mashine mpya inayochapa meno kama mikate
imemnyang'anya nini, imemwachia nini.
Muulize alilipwa ngapi mwaka wa kwanza. Ataguna. Ngoja.
Kisha omba ukae siku mbili, ufagie.

Ukirudi umechoka na bado unasimulia,
fomu tutaijaza kwa wino.
Ukirudi kimya, tutatumia penseli.
Penseli nayo ni maandishi.

Na hesabu, Aatu, usiiache.
Najua humpendi mwalimu wake. Hata mimi simpendi.
Lakini mlango unaoubamiza leo kwa hasira
utakuja kuutafutia ufunguo kwa mshahara wako.

Baba yako? Kumbe hakukwambia.
Kila Alhamisi jioni yumo chumba cha kumi na nne,
anajifunza mabomba ya joto la ardhini,
magoti yamekwama chini ya dawati la watoto.
Huinua mkono kabla ya kuuliza.
Wiki iliyopita nilimkuta mlangoni akifunga zipu,
nikamuuliza anajisikiaje.
Akafikiri, theluji ikimtua mabegani.
"Kama mtu mwenye jino jipya," akasema.
"Halimuumi. Ila ulimi hauachi kuligusagusa."

Saa nane mchana, na taa za barabara zimeshawaka.
Basi lako haliko mbali.
Chukua kofia.