Mikono Baridi

Wagonjwa wa wodi ya nne hunitambua macho yakiwa yamefumbwa.
Nikigusa tu, wanaruka:
"Sista Shizuno, umetoka kuzoa theluji?"
Watoto ndio hawana simile, hulia sijafika kitandani.
Mikono hii nimeivika glavu, nimeisugua,
nimeishikisha kikombe cha chai
mpaka chai ikapoa
na mikono ikabaki vilevile.

Jumamosi. Toyama imezama magotini kwa theluji.
Nimetoka zamu ya usiku, sijalala,
napanda ngazi za mbao juu ya duka la miavuli:
darasa la sushi, yeni elfu nne, aproni unapewa.

Tuko saba, na mwalimu, Bwana Kuwabara,
mtu mfupi, shingo imezama mabegani,
anapumua kwa sauti kuliko anavyosema.
"Samaki ni mgeni," anasema. "Mwenye nyumba ni wali."
Anamimina siki, sukari, chumvi,
anaukata wali kwa upande wa mwiko, haukorogi,
nasi tunapepea kwa zamu
kwa vipepeo vya karatasi vyenye tangazo
la benki iliyofungwa zamani.

Kisha mkeka wa mianzi, mdogo,
hata paka hawezi kuulalia.
Mwani juu, wali juu ya mwani, tango katikati.
Kunja. Vuta. Bana.
Wa kwangu umepasuka ubavuni, tango linachungulia nje.
"Mshone, sista," ananitania Bwana Ejiri, muoka mikate,
yeye ambaye wali umemganda hadi viwikoni,
na punje moja, sijui ilipitia wapi, imetua kwenye unyusi wake.
Honoka wa chuo kikuu kapaka wasabi kama siagi:
analia, anacheka, anaomba maji,
anaambiwa maji hayasaidii.

Sasa tonge.
"Lowesha vidole. Chukua wali kiasi cha yai la kware.
Usifinyange, huu si udongo.
Lisimame mezani, livunjike mdomoni."
Rahisi kusema.
La kwanza langu limetoka kama kisigino.
La pili limesimama, likafikiri, likalala.

La tano nalifanya bila kulitazama,
najiwazia usingizi,
nasikia ile pumzi nyuma ya shingo yangu.
"Samahani," anasema Bwana Kuwabara,
ananishika vidole viwili
kama mimi ninavyotafuta mapigo ya moyo.
"Baridi."
Radhi imeshafika ulimini, njia inaijua,
lakini yeye hajamaliza.
"Mimi nilichovya yangu kwenye barafu miaka kumi na miwili.
Kila asubuhi. Na bado buri alijua kwamba ninadanganya."
Akaniwekea kipande cha buri, mnofu wa waridi,
mafuta yake yametulia, hayatoki jasho.
"Endelea," akasema,
akaenda kumwambia Ejiri kwamba ananyonga, hapiki.

Nikaendelea.
La saba lilisimama.
La saba nililila mwenyewe, nimeupa chumba mgongo,
likavunjika palepale lilipotakiwa kuvunjika,
na sikujua niangalie wapi,
nikaangalia miavuli iliyoning'inia chini ya dirisha
ikipokea theluji ambayo haikuwa yao.

Usiku, kitanda cha kumi na mbili.
Bibi Urushibara, homa thelathini na tisa na nusu.
Namgusa paji. Hashtuki.
Ananusa.
"Siki," anasema. "Umekula sushi, na mimi nalishwa uji."
Naondoa mkono, nacheka kidogo, natafuta kalamu.
"Rudisha."
"Nini, bibi?"
"Huo mkono. Pale pale."

Nikaandika homa yake kwa mkono wa kushoto,
herufi zikayumba kama za mtoto wa chekechea,
na chini ya ukanda wa saa
punje moja ya wali, ngumu tayari,
ikinikwaruza kila nilipogeuza karatasi.