Nusu Iliyobaki

Nimezihesabu, Börje:
mara kumi na moja umeacha sigara,
na mara kumi na moja sigara haikukuacha.

Ya kwanza, Ingela alipokuwa tumboni.
Ulivunjavunja pakiti mbele ya mama yangu,
ukaapa, kiganja juu ya meza ya jikoni;
siku ya nne nikakukuta nyuma ya banda la kuni,
umeinamia kiberiti kama mtu anayesali.
Ya sita, ulinenepa kwa peremende.
Ya tisa, ulinifokea kwa sababu ya kijiko,
kijiko, Börje, kilicholala kwenye droo isiyo yake,
nami kwa miguu yangu nikaenda dukani,
nikakununulia pakiti,
nikaitupa mezani bila neno.
Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Majira ya baridi ulisimama roshanini,
nyuzi ishirini chini ya sifuri,
koti juu ya pajama,
na kila uliporudi ndani uliingia na wageni wawili,
baridi na harufu.
Baridi ndiyo iliyotangulia kuaga.
Theluji ilipoyeyuka, vipisi vikajitokeza chini yetu,
mia, mia mbili, vya manjano,
mazao pekee ya bustani ile.

Muuguzi Ylva, kijana, mwenye kipini puani,
hakukugombeza.
Nilikuwa nimekaa nikingoja akugombeze,
nilikuwa nimevaa vizuri kwa ajili hiyo.
Alisema: "Bora uache vyote.
Lakini kama umeshindwa mara kumi na moja,
tumtenganishe kwanza mtu na moshi.
Kinachokufunga ni nikotini.
Kinachokuchoma ni moto."
Nikadakia, "Kwa hiyo huo ugoro ni salama?"
"Sikusema salama," akajibu. "Nimesema nafuu.
Moyo bado utakwenda mbio, ufizi utalalamika,
na kamba itabaki shingoni."

Njia nzima hadi Kramfors sikukusemesha.
Miaka arobaini nangoja ushindi,
nimeletewa mapatano.
Heri nusu shari, watu husema,
ila hawasemi ni nani
atakayelala kitanda kimoja na nusu iliyobaki.

Basi ni mimi.
Una kopo la duara mfuko wa nyuma,
limejichora kwenye jinzi zako zote,
mwezi uliopauka, usiotoka kwa sabuni yoyote.
Unabana kijifuko chini ya mdomo wa juu,
kidogo kama mto wa mwanasesere,
na ukitaka kunibusu unakihamisha kwa ulimi,
kwa adabu, kama mtu anayesogeza kiti.
Navikuta kila mahali:
kwenye kisahani cha kahawa, ukingoni mwa beseni,
kimoja, Mungu anisamehe, ndani ya kitabu cha tenzi cha mama.
Naita, "Börje!" Unajibu, "Nimekiona,"
na huji kukiokota.

Jumapili Tuva alilala kifuani pako.
Nilingoja kikohozi kimwamshe.
Nikangoja.
Kahawa yangu ikapoa mkononi.

Kisha juzi lifti ikaharibika.
Nilitangulia, nikasimama ghorofa ya pili,
pale ulipozoea kusimama
ukijifanya unasoma majina milangoni,
Lidbom, Abrahamsson, Öberg,
majina uliyoyasoma miaka sita mfululizo
huku kifua kikipiga filimbi.
Hukusimama.
Ulinipita na mifuko miwili ya viazi,
kopo likigongagonga mfukoni,
ukageuka kutoka juu ya ngazi
ukaniuliza kama naumwa.

"Hapana," nikasema.
"Nasoma majina."