Mapigo Kumi na Sita ya Kimya

Selo ilikuja na TAZARA, imekatiwa tiketi yake,
ikalala kitanda cha chini toka Dar hadi Mbeya
kama mgonjwa anayerudishwa kwao.
Stesheni tukaipakia gari la kanisa, juu ya magunia ya mbolea,
na dereva akauliza, hilo jeneza ni la nani?
Atuganile akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Mimi si mwanamuziki. Nafundisha jiografia,
naweza kukuchorea ubaoni tabaka za mlima Rungwe,
majivu, lava, udongo mweusi ung'ang'aniao kiatu.
Lakini mpiga piano alihitaji mtu wa kumgeuzia kurasa
na Atuganile akasema, wewe unajua kunyamaza.
Sikujua kama ni sifa.

Mchungaji naye aliuliza: huo muziki ni wa nini,
wa mavuno au wa msiba?
Akajibu, ni wa paa la nyumba ya bibi.

Masika mawili alilala pale na penseli yake
akisikiliza tone la kwanza kwenye bati jipya,
la pili kwenye bati lenye kutu, hilo huimba chini zaidi,
kisha mchakacho wa migombani,
kisha lile vumi lisilo na noti
ambalo likibisha hodi Machi haliagi mpaka Mei.
Na chini ya vumi, chumba cha pili,
babu yake akikohoa:
tatu fupi, moja ndefu.
Tatu fupi, moja ndefu.
Kifua alichorudi nacho kutoka migodi ya Johanesibagi
pamoja na blanketi, redio na kofia.
Blanketi lilichakaa. Redio ilikufa mapema.
Kikohozi ndicho kilichodumu.

Kikohozi akaipa selo.

Tukuyu, ukumbi wa kanisa, Jumamosi saa kumi.
Wachuma chai wametoka zamu, vidole vyeusi kwa utomvu.
Mama mmoja amekuja na ndoo ya maziwa mgando,
hakupata pa kuiacha.
Piano ina noti mbili zilizokufa; Atuganile alizijua,
akaziambaa, kama mtu aambaavyo
shimo la njia ya kwao.
Gwakisa wa tarumbeta, tuliyemzoea makaburini,
amevaa suti ile ile.

Nageuza ukurasa wa nne, wa tano.
Selo inakohoa. Namwona mama yake Atuganile
anashika kifua chake mwenyewe.

Ukurasa wa saba: mapigo kumi na sita matupu.
Juu yake, kwa penseli: hapa ngojeni mvua.
Tukuyu, Aprili, nani angedhani itahitaji kuombwa?
Siku hiyo jua lilikaa juu ya bati
kama mgeni asiyejua saa.

Moja. Mbili. Tatu.
Mtu akapiga chafya.
Mtoto akauliza kwa Kinyakyusa, wamesahau?
Saba. Nane.
Gwakisa, kwa mazoea tu, akainamisha tarumbeta,
akafungua kitundu cha maji,
na mate yake yakadondoka sakafuni:
ta. ta. ta.
Kisha moja lililochelewa, refu
kwa jinsi lilivyochelewa.

Kicheko kilikuwepo. Kilifika benchi la tatu
kikaketi.

Nami nikaacha kuhesabu. Nilikuwa kwa baba yangu,
ambaye hakwenda mgodini, hakukohoa,
alikaa tu kimya nyumbani kwetu Kiwira miaka ishirini
na sisi tukasema anapumzika.
Nikageuza ukurasa nimechelewa pigo zima.
Mpiga piano akanisubiri.
Selo ikasubiri.

Baadaye, nje, yule mama akatugawia maziwa kwa kikombe kimoja.
Atuganile akaweka karatasi juu ya goti,
akafuta neno mvua.
Hapa ngojeni, akaliacha.

Mvua yenyewe ilikuja saa mbili usiku, kubwa,
haina habari na mtu.
Tukaikimbiza selo garini
tumeifunika kwa makoti yetu,
sisi tukilowa.